Namba za Upande wa Kushoto

Lori la tumbaku limevuka reli hapa Usoke, na harufu yake, tamu kama asali iliyoungua kidogo, imeingia mpaka jikoni. Nimeacha vyombo kwenye maji.

Baba alikulia Msumbiji, na alitufundisha kuhesabu Kireno wakati wa kufunga tumbaku. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, mdogo wangu wa kike darasa la sita. Baba alikaa katikati, ufito magotini, mimi kulia kwake, mdogo wangu kushoto. Tulimpa majani kwa zamu ayafunge ufitoni kwa uzi, na kila jani lilikuwa na namba yake.

"Um," nasema mimi.

"Dois," anadakia yeye, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Três."

"Quatro! Baba, dada anachelewa!"

"Taratibu, wanangu, mtanikatia uzi." Lakini alikuwa anacheka.

Tukifika ishirini tunaanza upya, mpaka ufito ujae. Namba za mdogo wangu nilizisikia kutwa nzima, ila hazikuwahi kupita mdomoni mwangu.

Kiangazi kile mdogo wangu aliugua, akapelekwa hospitali Kitete. Tulirudi naye tukamzika nyuma ya bani, banda la kukaushia tumbaku.

Msimu uliofuata Baba alikaa palepale na ufito wake. Nikampa jani.

"Um."

Akalifunga, kisha akanyoosha mkono kushoto bila kutazama. Mkono ukabaki hewani. Mama, aliyekuwa akipanga majani, akageukia ukuta.

Namba iliyofuata niliijua, ila haikuwa yangu. Nikampa Baba jani jingine, kwa upande wangu.

"Três," nikasema.