Kata Tatu za Maji ya Bi Zena

Nakumbuka asubuhi moja ya Utete, mwanangu, nilipomnyima mgonjwa maji. Nakuandikia kwa kuwa umeniuliza kama mwanao abatizwe sasa kwa maji ya bakuli, au umngoje akue azamishwe mtoni kama watu wa kale. Barua hii nimeichana mara nne. Ule ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke bado ninao.

Nilikuwa kijana, mwalimu wa dini wa kanisa letu dogo la bati. Chuo sikukanyaga. Nilijisomea peke yangu, nikiogopa kukosea kama mtu abebaye mayai. Nikasoma kwamba Wakristo wa kwanza walifundishwa kwa muda mrefu, wakafunga, kisha wakabatizwa katika maji yanayotiririka. Nikajiambia huo ndio ubatizo. Huu wetu wa kumwagia kichwani ni kivuli tu.

Basi Bibi Sabina, mama yake mwalimu mmoja wa shule, akaomba ubatizo akiwa kitandani. Mchungaji alikuwa mbali, na alikuwa ameshaniruhusu kubatiza wagonjwa mahututi. Mimi nikamwambia Bibi asubiri apate nguvu, tumpeleke mtoni. Haraka haraka haina baraka, nikasema, tena kwa majivuno. Siku ya tatu akashindwa kumeza hata uji.

Jirani yake Mwislamu, Bi Zena, ndiye aliyekuwa akimwogesha. Akanizuia mlangoni.

"Mwalimu, mtoni kuna mamba. Unataka kumbatiza au kumlisha?"

"Nataka iwe sawasawa, Bi Zena."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba. Sisi maji yakikosekana, au mtu akiwa hoi, tunatayamamu kwa udongo badala ya kutawadha, na sala inaswihi. Kwenu hamna wagonjwa?"

Kutoka ndani Bibi akacheka kwa sauti nyembamba. "Mwambie, Zena. Huyu atanikuta nimeshafika."

Nikafungua pale pale, kwa aibu, kile kitabu changu cha Wakristo wa kwanza. Nilikuwa nimeishia kwenye maneno ya mto, nikayanakili kwa wino, nikaridhika. Nikageuza ukurasa. Kumbe watu wa kale wenyewe waliruhusu: yakikosekana maji yanayotiririka, yatumike mengine, yakiwa haba, yamwagwe kichwani mara tatu.

Bi Zena akateka maji katika mtungi wake, ule aliokuwa akiufukiza ubani, akanipa kata. Nikaingia ndani, nikammwagia kichwani. Mara ya kwanza maji yalimwingia Bibi shingoni, ya pili yakalowesha mto wa kulalia. Ya tatu yalituama kwenye mikunjo ya paji lake.

"Yananukia," akasema.

Alifariki wiki ile ile. Bi Zena naye sasa hayupo. Lakini nikisikia ubani mahali popote, narudi chumbani mle, na natamani ningeweza kumrudishia zile siku tatu nilizompotezea.

Mwanangu, ubatizo umepita mikono mingi: mto, kisima, bakuli, na siku hizi keki na picha za simu. Yajifunze ya kale, lakini usome mpaka mwisho, usije ukafanya sheria kuwa kali kuliko walioiandika. Mlete mtoto. Atafundishwa akikua, na mwalimu wake wa kwanza ni wewe.

Mungu awape maji ya kutosha, na yakipungua, awape jirani mwenye mtungi.