Siku Tuliyozindua Diski Mpya za Redio

Jamani, mkisikia kuna mtu alitokwa jasho Sumbawanga mwezi wa saba, asubuhi, wenzake wote wamejikunyata kwenye makoti, jueni ni mimi, na aibu yenyewe nilijitafutia kwa mikono yangu.

Wakati ule redio za watu binafsi zilikuwa zimeshachipuka kila mji, na yetu ilikuwa na kompyuta moja ya mfumo wa Linux yenye sauti za wazee wa Ufipa tulizorekodi miaka na miaka. Diski zake zilikuwa zimechoka, kwa hiyo tukanunua nne mpya, zinazofanya kazi pamoja (moja ikifa zilizobaki zinaendelea) na zinazofungwa kwa neno la siri, mwizi akizibeba asiambulie kitu. Kazi yote ya kuhamisha aliifanya Salma, binti wa mwenye malori pale mjini, fundi ambaye mpaka leo sijaona wa kumfikia. Alinakili, akalinganisha faili moja moja siku tatu, wala hakunung'unika. Mimi bosi wake niliachiwa neno la siri tu, nikatunga refu la kutisha, nikakataa kumwambia hata yeye (ukubwa huo!), na kwa kuwa kichwa changu sikiamini nikaliandika kwenye faili.

Asubuhi ya uzinduzi nikamwambia afute diski za zamani. Akasema tuzime na kuwasha kwanza, tuone. Nikamkumbusha nani mkuu wa kitengo (kitengo cha watu wawili).

Mgeni rasmi akakata utepe. Mbele kabisa nilimkalisha Bibi Anastazia, aliyekuja na basi kutoka Matai kusikia sauti ya marehemu mumewe, maana hata picha yake hana. Basi shetani akanipitia, nikasema ngoja niwaonyeshe kufuli linavyofanya kazi, nikazima, nikawasha, ikaomba neno la siri, nikatabasamu, halafu nikakumbuka lile faili nililihifadhi wapi. Ndani ya diski zile zile.

Nikabahatisha weee, na kila nikikosea projekta inawaonyesha watu ukutani kwamba nimekosea. Mshikaji mmoja huko nyuma akashauri nijaribu jina la mchumba (nilijaribu). Mgeni rasmi akatazama saa. Bibi alikuwa ananitazama mimi tu, nikatamani ardhi ipasuke.

Salma akatoka, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kanga.

"Samahani bosi, sikufuta," akaninong'oneza.

Akachomeka zile diski kuukuu, na baada ya dakika chache sauti ya mzee ikajaa chumbani, anasimulia matuta yao ya kwanza na jinsi mkewe alivyomshinda kulima. Bibi akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, ulikuwa umemfungia wapi?"

Nikamwachia Salma zile mpya azifute, ahamishe kila kitu upya. Tangu siku hiyo neno la siri jipya linakaa kwenye bahasha mbili, zote anatunza Salma, na mimi mkuu wa kitengo nikitaka kuzima hata taa, naomba ruhusa kwanza.