Miiba ya Milusina

Kuhusu miti ya mtaa wetu nimesikia mambo matatu ambayo sikuyaona. La kwanza ni kwamba mwenyekiti wa mtaa aliwafungulia mbuzi wake makusudi. La pili ni kwamba mjane aliyekaa chini ya kilima aliita mvua, kwa kuwa ukoo wa mama yake ulijua kufanya hivyo. La tatu ni kwamba mmoja wa wageni waliokuja kukagua miti alilia. Siku ya wageni nilisimama karibu nao, na ni kweli niliona mmoja akifuta macho. Lakini kulikuwa na upepo, na Singida watu hufuta macho bila huzuni yoyote. Hayo matatu nayaweka pembeni. Yanayofuata niliyaona mwenyewe, au niliyaandika katika daftari la mihtasari nilipokuwa katibu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipoachwa huru. Maduka ambayo kwa muda mrefu yalikuwa na rafu tupu na karani anayesinzia yalianza kuwa na sabuni za aina nne, na mitumba ikatandazwa sokoni hadi njia ikapotea. Pamoja na sabuni ilikuja lugha mpya. Tuliambiwa kwamba serikali haiwezi kufanya kila kitu, na kwamba maendeleo ya mji, yakitakiwa yadumu, lazima yawe ya ushirikiano. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na uzoefu wangu ulinionyesha kwamba neno hilo halisemi nani atakayeshika jembe. Katika mradi wetu jambo hilo lilielezwa waziwazi. Halmashauri ingetoa miche na mtaalamu. Wafadhili wangetoa majembe, ndoo na toroli moja. Wananchi wangetoa kilichobaki, yaani kazi.

Mtaa wetu ulikuwa pembezoni mwa mji, upande wa Unyambwa, mahali ambapo nyumba za bati zilikuwa zimeanza kuchanganyika na matembe ya udongo na mashamba ya uwele. Barabara yake ilianzia kwenye lami na kuishia chini ya kilima cha mawe makubwa kilichojaa migunga yenye miiba. Upepo ulipita katika barabara hiyo kana kwamba ilichongwa kwa ajili yake. Mradi ulikuwa kupanda miti pande zote mbili, kila kaya mche mmoja, ili kupunguza upepo na vumbi.

Kikao cha kwanza kilifanyika shuleni kwetu. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka, Mwislamu wa familia ya mjini, ambaye babu yake mmoja alitoka pwani na mwingine Mtinko. Alimtaja yule aliyefaa kulingana na msikilizaji. Mtaalamu wa halmashauri alikuwa kijana aliyevaa viatu vilivyong'aa. Alitueleza habari za mti uitwao mlusina: kwamba hukua upesi, hurutubisha udongo, na majani yake ni chakula bora cha mbuzi.

Mzee mmoja mfugaji akainua fimbo.

"Na mbuzi wanajua?"

"Wanajua nini, mzee?"

"Kwamba ni chakula bora."

"Watajua haraka sana," mtaalamu akajibu, kwa fahari.

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Ndipo ikaonekana kwamba tulikuwa na tatizo, maana mtaa wetu ulikuwa na mbuzi wengi, na wengi wao walikuwa wa mwenyekiti. Mtaalamu alipendekeza vizimba vya matofali. Hakuna aliyekuwa na matofali. Nikasimama mimi. Nilisema kwamba watu wa Singida hatuhitaji kufundishwa namna ya kumzuia mbuzi: tuzungushie kila mche miiba, kama tunavyozungushia zizi. Hoja ilipita bila kupingwa, nami niliiandika katika muhtasari pamoja na jina la mtoa hoja, kama utaratibu unavyotaka.

Hakuna aliyeuliza miiba itatoka wapi. Wengi wetu tulikuwa tumekulia vijijini, na kijijini mtu hukata miiba na pori likabaki pori. Sisi tulikuwa na kilima kimoja.

Siku ya kazi walikuja watu wengi kuliko waliohudhuria kikao. Wanaume walipanda kilimani na mapanga na kuikata migunga. Wanawake na vijana waliburuta matawi kwa kamba hadi barabarani. Kwa desturi ya Wanyaturu kazi ya pamoja haiendi mikono mitupu, kwa hiyo wakulima walileta pombe ya uwele, na familia za Kiislamu zilileta chai na maandazi. Kulikuwa na foleni mbili. Niliona watu wawili waliosimama katika zote mbili, na sitasema ni nani.

Kufikia alasiri kila mche, uliokuwa na urefu wa kiganja, ulikuwa ndani ya boma ambalo lingeweza kulaza ndama. Tuliyatazama maboma kwa kuridhika. Kisha tukageuka tukakiona kilima. Kilikuwa kimenyolewa. Mawe tuliyoyazoea kuyaona nusu nusu kati ya matawi yalionekana sasa yote, na udongo mwekundu katikati yake.

Mjane niliyemtaja aliishi nyumba ya mwisho, mguuni pa kilima. Lilikuwa tembe aliloachiwa na marehemu mumewe, na ndani yake aliweka mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Mashine za namna hiyo zilikuwa ngeni wakati ule. Mtu aliyekuwa nayo hakulazimika tena kupeleka mbegu mbali na kusubiri, na wakulima walimletea magunia hata kutoka Iguguno. Nyumba hiyo na mashine hiyo ndivyo vilivyokuwa maisha yake. Kingine hakuwa nacho. Hakuja kikaoni kwa sababu alikuwa akikamua.

Alinikuta barabarani jioni ile, mikono yake ikinuka mafuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kuuliza kidogo. Maji ya mvua mmeyapangia njia gani?"

Nilimjibu kwamba ajenda ya kikao ilikuwa upepo.

"Nimesikia," akasema. "Lakini upepo haujawahi kuingia kwangu na tope."

Nilimwahidi kuliweka jambo lake katika mengineyo ya kikao kijacho. Leo nikiikumbuka sentensi hiyo sioni njia ya kuitetea.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wiki mbili baadaye, mchana, tukiwa darasani. Ilipokatika nilikwenda kwake. Maji yalikuwa yameshuka kilimani kwenye kikorongo kidogo nyuma ya nyumba, ambacho awali mtu angekivuka kwa hatua moja. Sasa nilihitaji tatu. Tope lilikuwa limepita mlangoni, na pembe ya ukuta wa nyuma ilikuwa laini. Niliibonyeza kwa kidole na kidole kikaingia. Magunia ya alizeti yalikuwa juu ya kitanda.

"Wageni wamepata kitanda," mjane akasema. "Mwenye nyumba atalala na mashine."

Niliomba kipande cha mkaa nikachora mstari ukutani pale maji yalipofika. Ulikuwa shubiri moja kutoka chini. Aliniuliza mstari ni wa nini. Nilisema ni wa kumbukumbu. Akasema kumbukumbu anayo, anachohitaji ni ukuta. Kwa ukuta ule, akasema, mvua mbili kama ile zingetosha kuuangusha. Niliukagua tena nikaona kwamba amekadiria kwa ukarimu.

Kikao cha dharura kiliitishwa kesho yake. Ugumu ulikuwa kwamba barua ilikwisha kufika: wafadhili wangekuja siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata kukagua miti. Mjane alisema alichotaka kwa maneno machache. Miiba iondolewe kwenye miche, ilazwe kwenye korongo safu kwa safu, igandamizwe kwa mawe. Kwao ndivyo walivyoziba makorongo ya mashamba. Maji hupita, udongo hubaki.

"Mama," mwenyekiti akasema, "tukiondoa miiba leo, kesho hakuna mti. Alhamisi niwaonyeshe wageni nini? Mate ya mbuzi?"

"Waonyeshe mbuzi. Wamenona."

"Mbuzi wangu wasiingizwe kwenye kikao."

"Mimi sikuwaingiza, Mwenyekiti. Wanapita wenyewe kila mahali."

Mtaalamu alisema kwa upole kwamba fomu ya mradi ilikuwa na sehemu ya miti tu. Korongo halikuwa na sehemu. Mtu wa nyuma alipendekeza mbuzi wafungwe kamba hadi Alhamisi. Kila mwenye mbuzi alikubali kwamba mbuzi wa wengine wafungwe.

Mwingine akauliza kwa nini tusikate miiba mingine. Watu wote waligeukia dirishani, kilima kikiwa pale pale, na swali halikurudiwa.

Ndipo mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia ya kutokea, ni nani hasa aliyeleta wazo la miiba. Nilifungua daftari nikasoma: "Katibu alipendekeza kila mche uzungushiwe miiba. Wajumbe walikubali." Nilifunga daftari. Nilisema kwamba mche ukiliwa, halmashauri ina kitalu. Nyumba ya mama huyu haina kitalu. Mwenye kosa, nikasema, ataanza kubeba kesho asubuhi, na wengine wako huru. Sikupenda kusema hayo. Niliyasema kwa sababu yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wangu.

Mwenyekiti alichukua kofia yake akaivaa.

"Mwalimu akibeba miiba peke yake watu watasema mtaa hauna mwenyekiti," akasema. "Andika kwamba tumekubaliana."

Niliandika.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana miiba iliyokauka huchoma zaidi ya mibichi. Tulibomoa maboma yote. Mjane ndiye aliyeongoza. Alisimama katikati ya korongo, akaonyesha kila tawi lilale wapi, shina likielekea juu, na jiwe gani likae juu yake. Alipoona mtu ameweka tawi vibaya alilitoa mwenyewe. Mtaalamu alivua viatu vyake akavibeba mkononi, kisha akaviweka chini na kubeba mawe. Suruali yake ilichanika. Toroli la wafadhili lilivunjika gurudumu mapema, nasi tukaendelea kwa vichwa na mabega. Foleni zilikuwa mbili kama awali, ila safari hii mwenyekiti alileta sukari kwenye ile ya chai, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo.

Mvua ya pili ilishuka Jumatatu, siku tatu kabla ya wageni. Ilikuwa Jumatatu ya likizo, kwa hiyo nilikuwa kwake tangu wingu lilipotokea. Tulisimama mlango wa nyuma, yeye na mimi na mwenyekiti aliyekuja na mwavuli. Maji yalitoka kati ya mawe yakiwa mekundu na yenye kelele. Yalifika safu ya kwanza ya miiba, yakajaa, yakaivuka yakiwa na kasi ndogo. Yakafika ya pili. Kwenye ya tatu yalitandaa na kugeuka upande wa barabara. Safu ya nne ilisukumwa na sehemu yake ikang'oka. Mjane alishika fremu ya mlango. Maji yaliingia uani, yakagusa ukuta, yakapanda polepole. Niliinama nikapima kwa mkono. Yalisimama vidole vinne chini ya mstari wa mkaa, yakakaa hapo, kisha yakaanza kushuka. Ukuta ulisimama.

"Basi," mjane akasema, akaingia ndani. Baada ya muda tulisikia mashine ikianza kukamua.

Wageni walifika Alhamisi kama barua ilivyosema. Kando ya barabara kulikuwa na safu mbili za vijiti vifupi vilivyoliwa kwa usawa mzuri. Mwenyekiti, ambaye biashara ilikuwa imemfundisha kutosimama mbele ya rafu tupu, aliwapitisha haraka hadi kwenye korongo. Walipiga picha miiba. Walimpiga picha mjane, aliyekataa kuacha mashine. Mmoja aliandika kitu katika daftari, na ndiye aliyefuta macho. Baadaye ilisemekana kwamba taarifa yao iliuita mradi wetu mradi wa kuhifadhi udongo, na kwamba ulisifiwa. Taarifa hiyo sijaisoma.

Nimeambiwa kwamba miaka kadhaa baadaye mjane alihamia Iguguno kwa mwanawe, na mashine akaenda nayo. Sikuwapo alipoondoka. Kabla ya hapo nilikwenda kwake mara moja zaidi, mwishoni mwa msimu wa tatu wa mvua tangu siku ile, kununua mafuta. Kilimani visiki vya migunga vilikuwa vimechipua hadi kimo cha goti. Korongo lilikuwa limejaa udongo hadi juu ya safu ya pili, na juu yake alikuwa amepanda uwele. Alipokuwa akinipimia mafuta nilizunguka nyuma ya nyumba. Mstari wangu wa mkaa ulikuwa bado upo. Niliweka kiganja ukutani chini yake, na ukuta ulikuwa mkavu.