Shukrani kwa Mwalimu Hilda

Mwalimu Hilda alikuwa karibu kustaafu, na katika shule zote alizowahi kupangiwa, ni hapa Masieda tu alipofaulu kuwafanya watoto wampende fisi. Haikuwa kazi rahisi, maana huku mtoto hukua akiambiwa fisi ni mnyama wa wachawi. Aliwapeleka wanafunzi wa klabu yake ya wanyamapori bondeni, akawalaza kifudifudi juu ya mwamba, wakatazama watoto wa fisi wakitoka pangoni kucheza huku mama yao akiwalamba masikio. Zita wa darasa la sita alicheka mpaka wenzake wakamziba mdomo.

Kiangazi kilipokaza, fisi waliingia zizini kwa Pascal, baba yake Zita, wakamrarua mtamba aliyekaribia kuzaa. Pascal akamuuliza binti yake kama anajua wanakolala. Zita alijua, akamwelekeza.

Hilda alizisikia habari Jumapili kanisani, akashuka bondeni na kitenge chake cha ibada. Mzoga wa mtamba ulikuwa umetiwa sumu na kutupwa mlangoni mwa pango. Fisi wamelala huku na huko, watoto wao wamejibana kwenye tumbo la mama yao. Hata tumbusi waliokuja kula walikufa papo hapo, mabawa wazi. Alikaa chini hadi jua likamuuma shingoni.

Wakati wa kurudi alikutana na Pascal. Pascal alimwamkia shikamoo, akavua kofia.

"Mwalimu, sisi wazazi tunakushukuru," alisema. "Hawa tumewatafuta miaka mingi. Usingewafundisha watoto, tusingewapata."

Hilda aliyafikiria maziwa ambayo nyumba ile ingeyakosa mwaka huo, akashindwa hata kukasirika.

Kesho yake Zita alimfuata ofisini, akamwambia kwamba baba aliuliza naye akasema kweli, kama wanavyofundishwa, je, alikosea? Hilda alimjibu kuwa hakukosea, akamrudisha darasani, kisha akafunga mlango.

Mwalimu mkuu alitaka klabu ya wanyamapori iendelee, nayo ikaendelea, ila sasa ubaoni tu. Siku moja Judica, msichana wa darasa la tano, akauliza kama chui wapo bado kule juu msituni, na wanakunywa maji wapi. Hilda alikuwa ameziona nyayo zao kijitoni wiki ileile.

"Hawapo," alisema. "Walikwisha zamani."

Watoto wakainama kuandika. Zita alimtazama kwa muda, kisha naye akaandika.