Bluzi za Mtu Aliyeshiba

Bendi yetu ilipiga roki, na kupiga roki Mtwara kunataka subira: nusu ya waliokuja kutusikiliza walikuwa wamekosea ukumbi, wakitafuta singeli. Mwimbaji wetu, ambaye pia ndiye mpiga gitaa, akaona dawa ni kuanzisha bendi ya pembeni, sisi watatu tu, turekodi albamu ya bluzi, zile nyimbo za huzuni za zamani za Wamarekani weusi. Mimi nilishika besi. Ngoma alipiga rafiki yetu, fundi friji.

Tatizo la mwimbaji ni kwamba hakuwahi kupata shida. Baba yake alikuwa mnunuzi mkubwa wa korosho. Yeye mwenyewe alikuwa na kitambi, na mke anayempenda. Akasema kabla ya kurekodi lazima aende Kilambo, akae ukingoni mwa Ruvuma atafute huzuni. Alirudi na fungu la samaki wa kukaanga.

"Umeipata?" nikamuuliza.

"Nimeipata," akajibu, akitafuna.

Tulirekodi Chikongola, kwenye stoo ya duka la magodoro, maana magodoro humeza kelele. Sauti ya mwimbaji wetu yalishindwa kuimeza. Mama mmoja jirani alikuja amejitanda khanga, akauliza msiba ni wa nani.

Siku moja mkewe alituletea chai na chapati, akamkuta mumewe analia kwa Kiingereza.

"Unasema nini hapo?"

"Nasema mke wangu kanikimbia, kapanda treni."

"Treni ipi? Reli ya Mtwara iling'olewa hata hatujazaliwa."

"Hii ni sanaa, mke wangu."

"Na aliyekuletea chapati ni nani?"

Mumewe akaugulia kwamba msanii haeleweki nyumbani kwake. Majirani, kwa upande wao, walielewa vizuri mno. Kila mkewe alipopita walimpa pole ya ndoa kuvunjika. Mwishowe alichoka, akafunga mzigo, akakodi bajaji hadi kwa wazazi wake Mikindani.

"Sasa tutapata albamu," mpiga ngoma akaninong'oneza.

Mwimbaji akasimama mbele ya maiki, akafumbua mdomo, ikatoka kwikwi.

"Siwezi. Inauma."

"Si ndiyo bluzi yenyewe?" nikamuuliza.

"Basi waachieni wenyewe!"

Akanikokota twende Mikindani kumwomba mkewe radhi. Wakwe walituweka barazani mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, ikasaliwa. Kisha mama mkwe akataka kuusikia huo wimbo uliomtoa mwanawe nyumbani. Mwimbaji akaimba, jasho likimtiririka, macho sakafuni. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, ndipo akamgeukia bintiye.

"Mwanangu, rudi na mumeo. Kwa sauti hii, hakuna mwingine atakayemtaka."

Wakarudi. Albamu ilitoka bila wimbo wa treni. Mwimbaji akaenda redioni kuitangaza, akasema kwa sauti nzito kwamba imezaliwa na mateso makubwa, ila hakufafanua ya nani.