Mzigo Nilioupokea Makaburini

Ningekuwa natunga, ningeweka usiku wa manane na bundi juu yake. Lakini haya yalinitokea mchana kweupe, hapa Tabora, na bega langu ni shahidi.

Makaburi ya askari wa vita vya Mjerumani nayapenda, nikiri tu. Waingereza huwatunza wafu wao vizuri kuliko ofisi zao. Mawe yamesimama safu kama gwaride, la afisa halizidi kimo la askari wa kawaida. Nikitoka Ipuli kurudi Gongoni nilikuwa nikipita pale, nikijiambia natafakari kama msomi. Kumbe nilifuata kivuli.

Siku moja, kando ya ua wa minyaa, alisimama kijana mwenye mzigo begani, umefungwa kwa kamba za magome kama walivyofunga wapagazi wa zamani. Jasho lilimtiririka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mbona hutui upumzike?”

“Bwana mkubwa hajasema tua.”

“Yuko wapi huyo bwana?”

Akaonyesha mawe kwa kidevu. “Amelala humo. Nami nataka kulala. Nimebeba risasi zake tangu Ujiji.”

Nilidhani ananitania. Lakini wewe uliyelelewa Unyamwezini, ukikuta mtu ameelemewa utafanyaje? Si utampokea? Nikanyoosha mikono.

“Utauweza, mzee? Mikono yenyewe ya karani.”

“Lete tu.”

Akaniwekea begani. Uzito ukaniinamisha. Nilipoinua kichwa, alikuwa amejinyoosha kati ya safu mbili, akishusha pumzi ya mtu aliyefika. Nikapepesa macho: majani matupu, hata hayakulala. Begani sikuona kitu. Ila uzito, niamini, ulibaki.

Mpaka leo fundi wangu wa nguo hunijazia pamba kwenye koti. “Mwalimu, bega la kulia limeshuka tena. Nani anakukalia?” Nacheka naye. Nitamwambia nini? Kwamba kijana aliyeniamkia alikufa nikiwa bado nanyonya, na shikamoo ile ilikuwa haki yake?

Mawe bado nayasifu. Lakini sasa navua kofia mbele ya nafasi ile kati ya safu, isiyo na jiwe, maana wote wale wenye mawe walifika kwa mabega ya mtu.

Nawe ukipita pale, kijana mwingine mwenye mzigo akikuamkia, usikimbie wala usipokee. Mwambie, “Tua.” Wangu alihitaji neno hilo tu, na mimi na chuo kikuu changu sikulifikiria. Sasa nasubiri wa kuniambia mimi.