Hina ya Mkono Unaotetemeka

Nachora maharusi hina hapa Chang'ombe, na kwa kazi hiyo najiona fundi. Mama yangu mzazi ndiye aliyenishinda. Uzee umeanza kumtetemesha mikono, na Idd iliyopita nilipomkamata kwa nguvu ili nimchore, hina ilivurugika mpaka kwenye kiwiko. Tangu hapo mikono yake huificha ndani ya kanga. Harusi ya mjukuu wake mkubwa ilipokaribia, akatangaza kwamba haendi.

"Niende nikawe kichekesho mbele ya wakwe?"

Wiki hiyohiyo binti yangu, yuko kidato cha tatu, alirudi na kazi ya klabu ya sanaa: kila mmoja atengeneze kitu kitakachoonyesha sifa anayoithamini zaidi kwake mwenyewe. Wenzake walichora picha, wengine wakatunga nyimbo za singeli. Wangu akasema sifa yake ni subira, na kazi yake itakuwa mkono wa bibi.

Nilicheka. Subira nyumba hii aitoe wapi? Mimi hata chai siisubiri ipoe.

Mama alikubali kutoa mkono wa kushoto tu, asimvunje moyo mtoto.

"Ukamate vizuri," nikamwagiza binti yangu.

"Mama, nikiukamata unashindana na mie."

Akaulaza gotini mwake, akashika koni ya hina, akautazama kwanza. Maneno yakaniwasha mdomoni, nikayameza. Mtetemo ulipokuja, aliuacha upite. Ulipotulia, akachora jani moja. Ukirudi, anainua koni. Mara nyingine aliuacha mtetemo wenyewe uvute mstari, na pale ulipopinda akapafanya kikonyo cha ua. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, naye hajaguna hata mara moja.

Nimechora mikono mingi mizuri, lakini hina kama ile sijawahi kuiona. Maua yalikuwa yanacheza kama yamepigwa na upepo. Nikasema Subhanallah kwa sauti, nikajiuliza kama mtoto huyu kweli nimemzaa mimi.

"Bibi, nimemaliza," akasema, akainuka kunyoosha mgongo.

Mama aliugeuza ule mkono wenye hina, akautazama. Kisha akautoa wa kulia ndani ya kanga, ule unaotetemeka zaidi, ambao hata mimi sikuwa nimeuona tangu Idd.

"Kaa chini, mjukuu wangu," alisema. "Huko harusini nitawapa watu mkono wa kulia."